Halikuwa Jini, Ilikuwa Swichi Niliyoifunga Mwenyewe

Kosa ni langu. Nalisema hapa mwanzo kabisa kwa sababu najijua. Nikipewa nafasi ndogo tu nitaanza kujitetea, na mie nikijitetea nina maneno matamu. Lichukueni kama lilivyo: kosa ni langu, na nilikuwa najua.

Mie ni seremala. Nakaa Wawi, kando ya Chake Chake. Jina langu silitaji, na majina ya wengine nimeyabadilisha, maana kisiwa chetu ni kidogo, mtu akikohoa Wesha anapewa pole Wete. Dada yangu nitamwita Mize. Mama alifariki mie bado natambaa, na dada Mize ndiye aliyenilea. Alinikogesha, akanipeleka chuoni kusoma Qur'ani, akanitafutia mke. Hata nilipokuwa na ndevu zangu hizi, alikuwa akinipigia simu kuniuliza kama nimekula.

Huyo ndiye niliyemkata vidole. Astaghfirullah. Na vidole vyenyewe, ndugu zangu, sivyo vinavyonikosesha usingizi.

Ilianza na tamaa, ingawa wakati ule niliiita maendeleo. Nakshi ya mlango mmoja kwa patasi inakula siku na inakula macho. Nikaona kwenye simu watu wa nchi za mbali wanajitengenezea nyumbani mashine ya CNC, yaani rauta, kisu cha umeme kinachozunguka, inayotembezwa na kompyuta. Unachora ua lako kwenye laptop, unafunga ubao mezani, mashine inakwenda huku na huku inachonga, weye umekaa unakunywa kahawa. Nikasema hii lazima niwe nayo, na niwe wa kwanza Pemba kuiunda kwa mkono wangu.

Basi nikaingia kwenye ugonjwa wa kuchagua vifaa. Mke wangu alisema nimeoa tena. Fremu ya kwanza niliiunda kwa emdief, zile mbao za unga uliogandamizwa, kwa kuwa ni nyoofu na kuzikata ni rahisi. Masika ilipoingia zikanywa unyevu zikavimba kama mkate uliotiwa chai. Nikatupa. Nikafikiria msaji, nikaona hata msaji ni mbao, na mbao hupumua. Nikenda kwa fundi wa mageti, akaniungia paipu za mraba za chuma, nzito, zimetulia. Skrubu ya kusukumia rauta nilianza na nondo ya meno ya dukani, ikawa inacheza, na mduara ukawa unatoka na pembe. Nikaitoa, nikaagiza skrubu ya kazi hasa, pamoja na reli na mota zake.

Mzigo ulipofika gati la Wesha nilikwenda kuupokea mwenyewe. Kila reli niliilaza juu ya kioo nikaiviringisha kuona kama imepinda. Nikazipaka grisi, maana upepo wa bahari hauna huruma na chuma. Nayasema haya ili mjue sikuwa mzembe. Chuma nilikichagua kwa makini, na mota, na kisu, na hata nati nilizichagua. Mtu akinishitaki kwamba sijui vifaa, nitamkatalia.

Ndani ya mzigo ule kulikuwa na swichi ya usalama, kubwa, ya kibonye chekundu. Ina kazi mbili. Ukiigonga kwa kiganja inazima rauta papo hapo. Na umeme ukikatika inajiachia yenyewe, kwa hiyo umeme ukirudi rauta haiwaki mpaka mtu aje kuibonyeza upya. Niliijua kazi yake vizuri. Niliifunga mbele ya mashine, mahali pa kuonekana, na nikajisifu nayo kwa wageni.

Lakini umeme wetu mnaujua. Haukatiki tu, huwa pia unakonyeza. Taa inafifia kufumba na kufumbua, halafu inarudi. Kila ukikonyeza, ile swichi nyekundu inajiachia na rauta inazima, lakini mota za kutembeza meza zilikuwa na kifaa chao cha umeme kinachostahimili kidogo, kwa hiyo meza inaendelea kukokota. Kisu kimesimama, ubao unavutwa. Kisu kinavunjika na nakshi inaharibika. Ilinitokea, ikanitokea tena, na siku ilipoharibu kisanduku cha bibi harusi nikapandwa na hasira. Nikachukua bisibisi nikaing'oa ile swichi. Mahali pake nikafunga swichi ya taa, ile nyeupe ya ukutani ambayo kila mtu anayo chumbani kwake.

Mambo yakawa mazuri. Umeme ukikonyeza, rauta inalegea kidogo na kuendelea na safari. Nikajiona fundi wa mafundi.

Dada alikuja siku ile ile niliyoing'oa akasimama mlangoni na kapu lake. Akaitazama mashine.

"Ile nyekundu umeitoa kwa nini? Ilikuwa ikipendeza."

"Inanisumbua, dada. Inazima ovyo."

"Haya. Weye ndiye fundi, mwanangu."

Hayo maneno yake mpaka leo yananichoma, maana hakuna aliyenisema kwa wema kama yeye, na mie nilimjibu huku najua. Nilijua kwamba umeme ukikatika moja kwa moja na mtu akasahau kubonyeza ile swichi ya taa, siku utakaporudi rauta itawaka peke yake. Nilijiambia sitasahau. Nani asahau kitu kama hicho?

Sasa niwaeleze jambo moja la kwetu, ndipo muelewe ubaya ulipokaa. Dada Mize anapika mkate wa mofa, ule wa mtama unaobandikwa ndani ya tanuri la udongo. Tanuri lile analiwashia maranda yangu, na si yeye tu, kina mama wengi wa mtaani wanakuja kuchukua maranda na unga wa mbao kwangu. Lakini mwanamke wa heshima haingii karakana iliyojaa wanaume. Kwa hiyo wanakuja adhana ikishalia, sisi tukiwa tumeondoka kwenda kuswali. Utaratibu huo niliuweka mimi mwenyewe. Niliwaambia: mkisikia kimya, ingieni, mzoe mnachotaka.

Yaani niliwafundisha kwamba kimya maana yake salama. Halafu nikafunga swichi ambayo kwake kimya hakina maana yoyote.

Siku ya ajali nilikuwa nachonga mlango wa mfenesi. Jua kali, kazi inakwenda vizuri. Kabla ya Adhuhuri umeme ukakatika, si kukonyeza, ukakatika hasa. Nikasikia jirani anamlaumu nani sijui. Nikaizungusha skrubu kwa mkono nikainua rauta juu ya ubao ili nikitazame kisu kama kimeungua. Kisu kilikuwa kizima. Nikakiacha pale pale juu, wazi, na chini yake rundo la maranda mapya. Swichi ya taa ilikuwa shibiri moja kutoka mkono wangu. Adhana ikalia. Nikafuta mikono, nikarudisha mlango bila kufunga, nikaenda msikitini.

Tulikuwa kwenye rakaa ya tatu. Feni za msikiti zilikuwa zimesimama na jasho linatutoka. Mara zikaanza kuzunguka, taratibu, halafu kwa kasi. Upepo ukanipiga shingoni. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri, alhamdulillahi, leo mlango utakwisha. Nilikuwa nimesimama mbele ya Mola wangu, dada yangu ameinama chini ya kisu, na mimi nafurahia upepo.

Yowe tulilisikia baada ya kutoa salamu. Lilikuwa la mwanamke mwingine, si lake. Yeye hakupiga yowe kabisa, kama nilivyoambiwa baadaye.

Nilipofika alikuwa amekaa chini ameegemea magunia, mkono wa kulia umefungwa kwa leso na leso yote nyekundu. Ncha ya leso yake ndiyo iliyoshikwa na shingo ya rauta ikauvuta mkono. Rauta ilikuwa bado inazunguka juu ya ubao, hakuna mtu karibu yake, inalia peke yake karakana nzima. Kina mama wamesimama mlangoni wanasoma kila walichokihifadhi. Nikapita mbele ya mashine nikabonyeza ile swichi ya taa. Hakuna aliyeniona, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwa dada.

Alinitazama akasema, "Usinikasirikie. Nilisikia kimya."

Tulimkimbiza hospitali ya Chake. Cha shahada na cha kati havikuokolewa.

Tulipokuwa tumekaa nje tunangoja, wanaume wa msikitini walikuwa wamekuja wote. Mmoja akasema labda ni umeme uliporudi, labda mashine iliachwa wazi. Wakanigeukia. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, nitamwita Mzee Faki, mtu ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Hukuizima, baba?"

Hapo ndipo nilipokufa. Ningesema tu "sikuizima, mzee" yangekwisha. Wangenilaumu, wangenisema, pengine dada angelia, halafu yangekwisha. Lakini niliona nyuso zao zote, nikaona shemeji yangu, mume wa dada, anavyonitazama, nikaogopa.

"Niliizima," nikasema. "Wallahi niliizima kwa mkono wangu kabla sijatoka."

Niliapa. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, udhu wa Adhuhuri bado ninao.

 Na kwa kuwa wananiheshimu, hakuna aliyefikiri naongopa. Sasa jiulizeni wenyewe: mashine imezimwa, hakuna mtu ndani, ikajiwasha na kumkata mtu. Kwetu Pemba jambo kama hilo lina jibu lake. Mzee Faki alivuta pumzi akaniuliza, "Mfenesi huo uliukata wapi?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa akasema, "Mfenesi ule ulikuwa na wenyewe."

Kufikia Alasiri mtaa wote unajua kwamba kuna jini katika karakana yangu. Na mie nilishukuru. Naandika hili kwa aibu, lakini nilishukuru. Nilitoka pale hospitali nimepumua.

Mnifahamu vizuri, mie si mtu wa kukanusha majini. Wapo, Qur'ani imewataja. Lakini lile halikuwa jini. Lilikuwa ni swichi ya taa.

Nilidhani nimewatupia lawama wasioonekana na hakuna atakayeumia. Sikujua kwamba dada yangu ataichukua ile lawama na kuivaa.

Aliporudi nyumbani nilikwenda kumtazama. Amekaa kitandani, mkono umefungwa bandeji nyeupe, akanivuta karibu kama anataka kunipa siri.

"Miye namjua aliyenikata," akasema.

Nilidhani atanitaja mie. Nikasema, "Nani, dada?"

"Juzi yake nilimwaga maji ya moto uani. Sikupiga bismillahi. Nimekuwa nikipiga maisha yangu yote, siku ile sikupiga. Nimeunguza mtoto wa watu wasioonekana, mwanangu. Ndiyo maana weye ukazima, lenyewe likawasha. Miye ndiye niliyekuwa nikingojwa."

Nikafungua mdomo. Wallahi, na hiki ni kiapo cha kweli, nilifungua mdomo. Kisha shemeji akaingia na chai, na mie nikafunga mdomo nikapokea kikombe.

Wakamleta maalim. Akasoma, akaandika kombe, aya za Qur'ani kwa zafarani juu ya sahani, akaliosha kwa maji ya kunywa, na mie ndiye niliyemshikia dada kikombe akanywa, kwa sababu mkono wake haukuweza. Maalim akaniuliza na yeye: "Uliizima mashine?" Nikamwambia, "Niliizima, maalim." Safari hii haikuniuma hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Kutoka hapo dada akaanza kupungua. Tanuri la mofa hakuligusa tena. Nilidhani ni kwa sababu ya mkono, lakini mkono ulipona akawa bado hasogei. Aliogopa moto, aliogopa maji ya moto, aliogopa chombo chochote chenye sauti. Aliogopa kubaki peke yake na aliogopa kukaa na watu, asije akawaambukiza. Kazi yake ikawa kusema samahani. Ungemkuta amekaa uani anasema taratibu, "Nisameheni, sikukusudia," na hakuna mtu mbele yake. Mwanamke aliyenilea mie kwa mkate wa mofa na maneno ya mzaha anaomba radhi kwa hewa kwa kosa ambalo nimelifanya mie.

Na mie je? Mie nikawa mwoga kuliko yeye. Kila umeme ukikatika naanza kuogopa, si kwa kukatika, ni kwa kuungoja urudi. Msikitini nikiona feni zimesimama sijui tena ninasoma nini. Nasikiliza. Nafsi yangu yote iko juu, kwenye yale mapanga. Yakianza kuzunguka najikuta nimekunja vidole.

Halafu Raya akajifungua. Raya ni binti wa dada, ameolewa Wete, na kama desturi alikuja kwa mama yake kukaa arubaini. Mtoto wa kiume, wa kwanza, mjukuu wa kwanza wa dada yangu. Kwa miaka dada alikuwa akimwomba kwa Mungu.

Hakumshika.

Raya alimpelekea mtoto amefungwa vizuri, ananukia udi na ubani, na dada akajisogeza mpaka ukutani. Akajifunika uso kwa ukaya. "Mwondoe," akasema. "Lishaonja damu yangu. Likimjua na huyu je?" Raya akacheka, akidhani ni mzaha wa bibi. Kisha akaona si mzaha. Akanifuata nje akiwa analia, akaniambia, "Mjomba, mama hataki kumshika mwanangu. Anamtazama kwa mbali tu, tena anatazama kama anaiba."

Nikamwambia atazoea. Hayo ndiyo niliyomwambia, mie mjomba mtu.

Siku iliyofuata nilikwenda tena baada ya Alasiri. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Tulikuwa barazani uani: Raya anamnyonyesha mtoto, mie kwenye kiti, dada kwenye mkeka wake kule mbali. Tulikuwa tunaongea mambo ya kawaida, bei ya pweza, mvua. Ghafla ndani ya nyumba sauti ya mwanamume ikaanza kuzungumza kwa nguvu.

Ilikuwa redio. Ilizimika na umeme ilipokuwa ikisoma habari, na umeme uliporudi ikaendelea.

Lakini dada hakungoja kujua. Aliinuka akakimbia, miguu mitupu, na hakukimbilia mlango wa nje wala hakumkimbilia mtoto. Alikimbilia mwisho kabisa wa ua, kwenye jaa, mahali pa mbali zaidi na yule mtoto. Akageuka akaunyanyua ule mkono uliokatika akapiga kelele, "Nipo huku! Nifuate miye, mwache huyo, nipo huku!"

Mtoto akaanza kulia. Raya akasema, "Mama, ni redio tu. Umeme umerudi. Hatukuizima, basi."

Hatukuizima, basi. Yule binti alisema kwa neno moja jepesi kile ambacho mie nilikuwa nimekizika.

Sikufikiri tena. Nilikwenda mpaka jaani, nikapiga magoti kwenye maganda ya muhogo na majivu, nikamshika dada miguu.

"Dada, na mashine yangu ilikuwa hivyo hivyo."

Akawa hanisikii, anatazama mlango wa nyumba.

"Dada, nisikilize. Sikuizima. Umeme ulikatika nikaenda kuswali nikaiacha wazi. Ile nyekundu ndiyo iliyokuwa ikizuia hayo, na niliitoa kwa makusudi kwa sababu ilinikera. Umeme uliporudi ikawaka. Ni kama redio. Hakuna jini. Hujamuunguza mtoto wa mtu yeyote."

Mkono wake ukashuka taratibu. Akanitazama muda mrefu, namna alivyokuwa akinitazama utotoni nikirudi nyumbani na nguo za skuli zimechanika, anatafuta pale paliponiuma.

"Uliapa," akasema.

"Niliapa."

"Mbele ya mume wangu. Na maalim ukamwambia."

"Nilimwambia."

"Na kombe nililokunywa, ukanishikia weye kikombe."

  Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kwa hiyo hakuna kitu kinanifuata?"

"Hakuna, dada. Hakukuwa na kitu."

Alivuta miguu yake mikononi mwangu. Hakunisukuma, aliivuta tu. Akapita, akaenda mpaka barazani, akakaa mkekani karibu na Raya, akasema, "Nipe." Raya akampa. Akampakata mtoto kwa mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia, kwa vidole vitatu vilivyobaki, akaanza kumfunua uso, polepole, kama anafunua kawa la chakula. Akamtazama pua. Akamtazama masikio. Akasema, "Kumbe kachukua masikio ya babu yake." Na ndipo akalia, kilio cha mtu anayerudi kutoka mahali.

Mie nilikuwa bado jaani. Sikujua kama niende au nibaki. Alinisemesha bila kunitazama, macho yake kwa mtoto.

"Vidole nilishakusamehe kabla hujaniambia. Hivyo aliviandika Mungu. Lakini siku nilizomwogopa mjukuu wangu, hizo hakuandika Mungu, uliandika weye. Hizo sijui niziweke wapi."

Nikaondoka.

Siku ya pili nikaenda barazani msikitini nikawaambia wanaume. Niliona nimemwambia yeye, sasa niseme mbele za watu nimalize. Nikawaeleza swichi, nikawaeleza umeme, nikawaeleza nilivyoapa uongo. Wakanisikiliza mpaka mwisho. Mzee Faki akanishika bega akasema, "Pole baba. Tulijua litakuja mpaka kwako." Akawageukia wenzake: "Mnaona linavyomsemesha? Sasa limemtia maneno ajilaumu mwenyewe." Wakaniombea dua pale pale. Wameitikia amina wote, na mie nimekaa katikati yao.

Mpaka leo hawaamini. Kiapo changu wamekiamini kuliko ungamo langu. Kina mama hawaji tena kuchukua maranda, wanazunguka njia nyingine. Nimeurusha uongo, sasa umeota mabawa na siwezi kuushika. Ndiyo maana naandika hapa, kwa watu wasionijua, ambao hawana sababu ya kuniheshimu.

Mashine nimeifungua yote. Mlango wa mfenesi niliumaliza kwa patasi.

Sasa nyinyi vijana mnaounda mashine zenu za kwanza, nawasikia kwenye makundi mnaulizana: fremu ya chuma au ya mbao, reli za aina gani, mota za nguvu gani, skrubu ipi haichezi. Ulizaneni, ni mazuri. Lakini kabla ya yote hayo muulizane umeme ukikatika na ukarudi, mashine itafanya nini. Kama jibu ni kwamba itawaka, basi hamna mashine hapo, mna mtego mmeuweka mlangoni kwa watu wenu. Swichi ya usalama ikikusumbua kwa kuzima ovyo, usiing'oe. Tafuta kinachoisumbua. Mie ningeweza kuunganisha waya wake ukazima na mota za meza pamoja, visu visingevunjika, na ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Nilikuja kulijua hilo baadaye, nilipokuwa nalia. Na ukitoka kwenda kuswali, chomoa plagi, uishike mkononi, uitazame.

Na ukishakosea, sema siku ile ile, kabla watu wema hawajakutafutia udhuru. Watautafuta kwa mapenzi yao, na utamwangukia mtu mwingine.

Dada Mize anapika mofa tena. Anabandika mkate kwa mkono wa kushoto, na mjukuu amelazwa kwenye mkeka kando yake. Kila siku napita. Napiga hodi, ananijibu karibu, vizuri, kwa heshima. Ananiletea kahawa na kipande cha mkate kwenye sahani ya wageni. Ananiuliza habari za nyumbani kwangu na namjibu nzuri. Tangu siku ile ya redio hajaniuliza hata mara moja kama nimekula.